Naombeni ushauri: vikombe vya gurudumu au vya kalibu?

Udongo Mbichi: Wakuu, mwaka wa 9 huu nafinyanga vikombe kwa gurudumu, kimoja kimoja. Sasa mnunuzi wa jumla anataka 400 ndani ya miezi 2. Siku njema natoa 8 pamoja na vishikio. Nina kalibu ya plasta niliyoitoa kwenye kikombe changu wanachokipenda wateja. Nikimimina udongo wa majimaji, kinatoka saizi ile ile, huwezi kutofautisha. Nikiitumia, bado nitaitwa msanii? Usingizi umenipaa.

Bibi Tanuru: Mwanangu, miye gurudumu nililiacha kiuno kilipokataa. Sasa nafinyanga kwa pingili, yaani kamba za udongo nazozipandanisha, polepole, na hakuna aliyenivua jina. Kwanza tunza mgongo.

Kaka Mbao: Mimi ni mchongaji. Niliwahi kununua mashine ya kunakili vinyago. Siku nilipoona nyuso 20 mezani zinanitazama kwa jicho lile lile, nikaiuza.

Mzee wa Kale: Josiah Wedgwood, mfinyanzi, alifungua karakana yake Uingereza mwaka 1759. Aligawa kazi: huyu gurudumu, yule kalibu, mwingine mapambo. Chini akapiga muhuri wa jina lake. Usiogope kalibu.

Swali Moja: Mnunuzi anajua?

Udongo Mbichi: Hajauliza.

Swali Moja: Sijauliza kama ameuliza.

Udongo Mbichi: Haya. Vya kalibu 60 nimeshampelekea. Chini nimechora jina langu na "kwa mkono", kama siku zote. Lakini mshono wa kalibu nimeukwangua mwenyewe, nikafuta kwa sponji mpaka ukapotea. Kishikio nimebandika mwenyewe, rangi nimechovya mwenyewe. Mkono si umo?

Bibi Tanuru: Umo, mwanangu. Ila aliyesoma maneno yale ameelewa kingine, nawe unajua.

Fundi Plasta: Jamani, hii habari ina walakini. Udongo husinyaa ukikauka, na tanuruni husinyaa tena. Kalibu iliyotolewa kwenye kikombe kilichochomwa huzaa kikombe kidogo. Yeye anasema saizi ile ile! Huyu hajawahi kushika plasta.

Kaka Mbao: Kumbe tunashauri hewa?

Bibi Tanuru: Mwacheni ajibu.

Udongo Mbichi: Sijatunga. Nilisema vibaya: kalibu sikuitoa kwenye kikombe chenyewe. Nilichonga kielelezo cha plasta, umbo la kikombe kile, nikatolea kalibu hapo. Udongo wangu husinyaa asilimia 12, kwa hiyo nilikikuza karibu asilimia 14 ili kirudi kwenye kipimo. Jaribio la 5 ndilo lililokubali.

Fundi Plasta: Hesabu imekaa sawa, naomba radhi. Lakini majaribio 5, na kila moja likauke na kuchomwa? Ulianza lini?

Udongo Mbichi: Mwaka jana. Kabla ya oda.

Swali Moja: Basi uamuzi ulishaupitisha.

Udongo Mbichi: Pengine. Mdomo wa kielelezo kile peke yake ulinila siku 11, nasugua, nagusisha mdomo wangu, nasugua tena. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, na ndiyo niliyoificha. Sijui niiandikeje.

Fundi Plasta: Andika: "Kielelezo na umaliziaji kwa mkono, kimemiminwa kwenye kalibu." Na kabla hujawasha tanuru tena, mpigie kuhusu vile 60.

Udongo Mbichi: Akivirudisha?

Bibi Tanuru: Utavipokea.