Mrejesho: saladi ya kufunga hapa Minnesota, Marekani

Ndugu zangu, mwezi wa Machi niliuliza kwa nini saladi yangu ya kufunga, ile inayojikunja kama kabichi, hutoa maua kabla ya kufunga. Narudi kuwashukuru kwa moyo wote. Nilifuata ushauri wa kusia mbegu ndani ya nyumba, dirishani, mwanzoni mwa Aprili. Katikati ya Mei nikaihamishia miche bustanini kwa nafasi ya sentimita 30, nikiifunika kwa kitambaa chepesi usiku wa baridi kali. Aina niliyopanda ni Great Lakes.

Kati ya miche 12, saba ilifunga. Kichwa cha kwanza nilikikata wiki ya pili ya Julai, alfajiri, kikiwa kizito na chenye umande, na kisu kilipopita majani yalilia. Miwili ililiwa na konokono. Mitatu iliyopigwa na jua la mchana ilirefuka shina ikawa michungu, kwa sababu neti ya kivuli mliyonishauri niliiweka kwa kuchelewa, joto likiwa limeshapita nyuzi 30. Mwakani nitaitandaza mapema Juni.