Naomba ushauri: nyaraka za Kiwelisi alizoacha baba mkwe

Habari zenu wakuu. Nimeolewa huku Wales. Baba mkwe amefariki, kaacha sanduku la barua, madaftari ya kanisa na mashairi ya mkono, vyote kwa Kiwelisi. Natamani viende Maktaba ya Taifa, Aberystwyth, iliyoanzishwa 1907. Ndiko kiliko Kitabu Cheusi cha Carmarthen, kitabu cha mkono cha mashairi ya Kiwelisi cha karne ya 13, kilichokuwa kwenye mkusanyo wa Robert Vaughan, mkusanyaji wa maandiko ya kale aliyeishi Hengwrt, hukohuko Wales. Bila watu kama yeye kukusanya, mengi yangepotea! Mawifi wanataka kugawana, kila mtu fungu lake. Inaniuma, maana barua zile zinajibizana. Mliowahi kukabidhi nyaraka: tuzitoe moja kwa moja, au ziwekwe amana, umiliki ubaki kwa familia? Na mawifi niwaingie vipi, mimi niliyeolewa tu?