Baada ya "to" kitenzi hakibaki kitupu? Naomba msaada

Dada wa Kaunta:
Habari za jioni. Narudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea; mchana niko kaunta ya duka la vifaa vya umeme, jioni tuisheni. Juzi tuliandika barua ya kuomba kazi, nikamalizia "I look forward to meet you". Mwalimu akaizungushia "meet" wino mwekundu, pembeni neno moja tu: jerandi. Tangu shule ya msingi nimekariri kwamba baada ya "to" kitenzi kinabaki kitupu: "to go", "to eat". Kwenye insha nako niliandika "Walking to the shop, the rain started", ikakatwa. Nielezeni jamani, mtihani ni Novemba.

Fundi Redio:
Dada, andika "meeting" usonge mbele. Hayo ni ya kukariri, hayana sababu.

Mwalimu wa Zamu:
Sababu ipo, ndugu yangu. Nimesahihisha kosa hili miaka 14 na najua linakotoka.

Sisi "kusoma" ni moja kwa kazi zote: "nataka kusoma", "kusoma kunachosha". Waingereza wameigawa. "I want to read" ni infinitivu, yaani kitenzi kitupu kinachofuata "to". "Reading is tiring" ni jerandi, yaani kitenzi kilichokalia kiti cha nomino. Sasa dada, ukitilia shaka "to", weka nomino yoyote mbele yake. "I look forward to Saturday" inakubali, kwa hiyo "to" hiyo ni kihusishi, na kitenzi kikija hapo lazima kivae -ing. "I want to Saturday" inagoma. Hapo kitenzi kibaki kitupu. Kipimo hicho kitakuokoa hata kwenye "I am used to waking up early", nimezoea kuamka mapema. Ila "I used to wake up early" ni habari nyingine: zamani niliamka mapema, siku hizi siamki.

Ile ya mvua ni patisipo, yaani kitenzi chenye -ing kinachoeleza mtu alikuwa akifanya nini. Kwetu kazi yake huifanya -ki-: "nilimwona akilia", "I saw her crying". Lakini angalia, "nikitembea" imebeba ni-, anayetembea anajulikana. "Walking" haijabeba mtu, kwa hiyo inamshika mtenda wa kwanza baada ya mkato, na wewe hapo umeweka "the rain". Msahihishaji anasoma kwamba mvua ndiyo iliyokuwa ikienda dukani. Mlete mwenye miguu: "Walking to the shop, I got caught in the rain". Au mtaje mapema: "While I was walking to the shop, the rain started".

Dada wa Kaunta:
Shikamoo mwalimu. Nimejaribu mbili hapa kaunta: "I am used to standing all day." "Opening the shop, the phone rang."

Mwalimu wa Zamu:
Marahaba. Ya kwanza sawasawa. Ya pili, nani alikuwa anafungua duka?

Dada wa Kaunta:
Mimi! "Opening the shop, I heard the phone ring."

Mwalimu wa Zamu:
Hapo sasa. Na hiyo "ring" isiyo na "to" umeipatia vizuri. Hiyo ni infinitivu tupu, inakuja baada ya "hear", "see" na "let". Kesho niletee tatu za namna hiyo.