Tishari la kemikali likizama: tuambiwe saa hiyo hiyo, au vipimo kwanza?

Mleta mada

Wadau, siku hizi mafuta yanavuka Ziwa Victoria kwa tishari (chombo bapa cha kubeba mizigo majini) kutoka Kisumu kwenda Uganda, na miji yetu inakunywa maji ya ziwa hilo hilo. Tishari likipasuka usiku, nani atatuambia, na lini?

Machi 2023 Marekani ilipata visa viwili ndani ya wiki moja. Usiku wa Machi 24 kiwanda kimoja cha Bristol, Pennsylvania, kilivujisha galoni 8,100 hivi za kemikali ya lateksi (lita 30,000 na ushei), zikaingia mto Delaware, juu kidogo ya chanzo cha maji cha Philadelphia. Jumapili mchana simu za watu zikalia: kuanzia saa nane tumieni maji ya chupa. Maduka yakafagiliwa. Baadaye siku hiyo hiyo wakaambiwa maji ya bomba ni salama hadi kesho yake usiku, kisha muda ukasogezwa tena, na Jumanne wakatangaziwa hatari imepita. Kemikali haikuonekana kwenye maji ya bomba.

Jumanne hiyo hiyo, kule Louisville, Kentucky, msururu wa matishari ulikatika kwenye mto Ohio. Moja lenye tani 1,400 za methanoli (aina ya alkoholi yenye sumu) likakwama kwenye bwawa la McAlpine, nusu limezama. Viongozi wakasema mapema: chanzo cha maji ya mji kiko upande wa juu wa mto, kabla ya lilipo tishari, kunyweni. Vipimo havikukuta methanoli.

Wengi husema Philadelphia walikurupuka. Mimi sioni hivyo. Waliwahi, ila ujumbe wa kwanza haukubeba hesabu ya saa. Sumu ya mtoni inaenda na mkondo. Anayejua kasi ya mto na maji yaliyomo matangini anaweza kusema tangu mwanzo: "Yaliyopo bombani ni mazuri mpaka saa fulani, jazeni vyombo." Ndicho walichokuja kusema baadaye, watu wakiwa tayari wanagombania katoni.

Na wanaotaka vipimo kwanza waangalie Charleston, West Virginia, Januari 9, 2014. Tangi lilivuja kwenye mto Elk, asubuhi watu wakaanza kulalamikia harufu, na amri ya kutotumia maji ikatoka jioni. Watu kama 300,000 waliguswa. Siku nzima wameoga, wamepika.

Mtu wa Dunga

Mkuu, hiyo hesabu ya saa ni ya mto. Ziwani mkondo unafuata upepo, na upepo wa Winam, ghuba yetu ya Kisumu, asubuhi si wa jioni. Utawaambia watu wajaze mitungi mpaka saa ngapi?

Tena tangazo likitoka tu, mwenye mkokoteni anapandisha bei ya mtungi. Mwenye tangi la lita elfu kumi nyumbani anacheka. Sisi wa pwani hata bomba hatuna, tunachota ziwani moja kwa moja. Ujumbe wa simu si wetu. Tangazo liende kwa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo), mtu apite na kipaza sauti kabla nyavu hazijashushwa.

Mama Uvira

Ndugu zangu, mimi niko Louisville. Wakati wa ile methanoli, matangazo niliyoyaona yalikuwa ya Kiingereza. Wazee wetu waliotoka Fizi na Uvira, kule Kongo, walishika maneno mawili tu, "mto" na "sumu". Walionunua maji ya chupa hawakuwa wajinga, hakuna aliyewaeleza chanzo kiko upande gani. Mnabishana kuhusu saa, mimi nauliza lugha.

Fundi Pampu

Nimefanya kazi kwenye mitambo ya maji, niwaambie kitu. Dizeli inaelea, unaweza kuizungushia maboya ya kuzuia mafuta na kuinyonya juu. Methanoli inachanganyika na maji, boya halisaidii kitu. Kwa hiyo kabla ya tangazo, mtambo lazima ujue kuna nini ndani ya tishari. Mwenye mzigo akikaa kimya saa tatu akitafuta wakili wake, hata mtangazaji hodari atasema uongo.

Kule Marekani, aliyemwaga sumu anabanwa na sheria apige simu mara moja kwenye kituo kimoja cha taifa. Kwangu hapo ndipo pa kuanzia. Na nampinga mleta mada: nikiwa zamu nitafunga pampu kwanza, kimya kimya, nipime, halafu ndiyo nitangaze. Pampu ikiwa imefungwa, maji ya tangini hayajaguswa.

Mleta mada

Fundi, kufunga pampu sibishi. Ila matangi ya mji wako yanabeba maji ya saa ngapi? Kama ni nusu siku, mabomba yatakauka kabla majibu ya maabara hayajafika, na watu watajitangazia wenyewe WhatsApp. Nipe idadi ya saa, ndipo tuendelee.

Fundi Pampu

Inategemea mji. Wengine hawafikishi hata hiyo nusu siku.