Mwanangu anarudisha chenji gengeni bila kukosea, mbele ya baba yake hesabu zinamkimbia. Nifanyeje?

Mama wa genge:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa walimu mliomo humu. Binti yangu yuko darasa la nne, shule ya serikali hapa Morogoro. Mwaka jana Hisabati ndiyo ilikuwa raha yake. Mwaka huu wamebadilishiwa mwalimu, na anayekosa anasimamishwa mbele ya wenzake. Nyumbani baba yake ndiye anayemsimamia, na ana hasira za karibu. "Saba mara nane?" Akiuliza mara ya pili sauti imeshapanda, mtoto analia, daftari linalowa. Juzi kapata 11 kwa 50.

Ila jioni ananisaidia genge. Mteja akichukua mafungu matatu ya nyanya ya 500 na kitunguu cha 200, akatoa elfu tano, mtoto anamrudishia 3,300 mimi hata sijaanza kujumlisha. Upimaji wa kitaifa unakuja. Nimtafutie tuisheni?

Mzee wa zamani:
Sisi tulichapwa na tebo tukazijua. Baba yake asilaumiwe, wangapi hata daftari la mtoto hawalifungui?

Mwalimu wa msingi:
Mzee wangu, wewe ulizijua. Wale uliokaa nao dawati moja je? Kidato cha nne 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Sababu ni nyingi, lakini woga wa somo naukuta darasani kila siku.

Dada, anayerudisha chenji hana kichwa kizito. Mtoto akiogopa, akili yote inakuwa kwenye uso wa aliyemsimamia, na hata anachokijua kinapotea. Tuisheni isubiri. Nenda shule, na usiende kushitaki. Mwambie mwalimu, "Naomba tuangalie daftari pamoja, anakwama wapi?" Wengi ninaowapokea darasa la nne wanashindwa kugawanya kwa sababu makumi na mamia hayakukaa vizuri huko nyuma. Hilo la kumsimamisha liseme mkiwa wawili, kwa upole. Na usimseme mwalimu vibaya mtoto akisikia.

Baba wa watatu:
Mimi nilikuwa huyo baba. Mwanangu alifika mahali nikisogeza kiti tu anaanza kutetemeka mkono. Niliumia sana. Nikaacha kuuliza jibu, nikawa nasema, "Nionyeshe ulivyofika hapa." Mara nyingi njia ilikuwa sahihi, kakosea kukopa tu.

Mwalimu wa msingi:
Nimekumbuka kitu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wa 2015 uliwafuata watoto wa madarasa ya mwanzo. Wenye wazazi wanaoogopa hesabu walijifunza kidogo zaidi, lakini pale tu wazazi hao walipowasaidia mara kwa mara kazi za nyumbani. Dada, mume wako mwenyewe na hesabu vipi?

Mama wa genge:
Mwalimu, umenigusa. Aliishia la saba, na aliwahi kuniambia Hisabati ndiyo iliyomfanya aichukie shule. Anaogopa binti apite alikopita yeye. Sikuwahi kuviunganisha.

Asanteni wote. Jumatatu naenda shule. Na Jumamosi nitamwomba aje akae nasi gengeni, asifundishe chochote, amwangalie tu mwanawe anavyohudumia wateja.

Baba wa watatu:
Mwache binti amwuzie na yeye. Atoe elfu kumi.