Preseti za ikwalaiza kwenye Audacious zinapasua besi, naombeni msaada

Kimya_Kingi: Habari zenu wakuu. Natumia Linux, muziki nasikilizia Audacious. Kila preseti (mpangilio uliotayarishwa) ninayochagua kwenye ikwalaiza, besi inapasuka na sauti ya mwimbaji inazama. Nimetoa hata tiki ya ikwalaiza, bado inakwaruza. Faili zangu ni FLAC, zile zisizopoteza ubora wa sauti, nimezikusanya kwa miaka, naogopa zisije zikawa zimeharibika.

FundiMawimbi: Mkuu, besi umepandisha kiasi gani, na priampu, kile kidhibiti cha sauti nzima ndani ya ikwalaiza, iko wapi? Ikwalaiza ya Audacious ina bendi 10, yaani vipande vya sauti kuanzia nzito hadi nyembamba, kila moja inapanda hadi desibeli 12. Desibeli 6 tu zinafanya kimo cha wimbi la sauti kiwe karibu mara mbili, 12 karibu mara nne. Nyimbo nyingi za siku hizi zinatoka studio zikiwa zimeshagusa dari, yaani kikomo cha sauti. Ukipandisha besi bila kushusha priampu, vilele vinakatwa. Mkwaruzo ndio huo.

Kimya_Kingi: Besi +9, priampu sifuri. Lakini nimesema hata nikizima bado.

MzeeVinili: Vijana, aliyechanganya huo wimbo alikesha akipanga besi yake, nyie mnaivuruga kwa kidole. Zimeni ikwalaiza, msikilize wimbo kama ulivyo.

BibiTerminali: Mimi preseti zilipotea kabisa nilipohamia Audacious ya Flatpak, ule mfumo wa vifurushi vya programu vinavyojitenga. Kumbe Flatpak inaweka mipangilio yake ndani ya ~/.var/app, na zangu zilibaki kule kule ~/.config/audacious. Nilinakili faili la eq.preset, zikarudi zote, hata ile ya vitabu vya kusikiliza. Nilikaribia kulia.

FundiMawimbi: Dada, hilo ni jingine. Mwenye uzi, video za kwenye kivinjari nazo zinapasuka?

Kimya_Kingi: Kidogo, ndiyo.

FundiMawimbi: Basi Audacious inasingiziwa. Kuna programu gani nyingine inayogusa sauti? Taja zote.

Kimya_Kingi: Ipo EasyEffects, inawaka yenyewe nikiwasha mashine. Humo nako nimeongeza besi, maana hedifoni zangu hazina besi kabisa. Sikuitaja kwa sababu niliiweka zamani, tatizo limekuja juzi. Na siitoi, bila hiyo muziki unakosa uhai. Nimeshapakua distro nyingine (toleo jingine la Linux), flashi iko tayari, usiku huu nafuta mfumo mzima.

Ngurumo: Ngoma imepasuka, wewe unahama nyumba? 😄

SinaHaraka: Wakuu, uzi huu ni wa kutunga. Kwenye uzi wake mwingine alisema mashine yake inaendesha sauti kwa PulseAudio. EasyEffects inataka PipeWire, mfumo mpya wa sauti wa Linux. Iliyokuwa ya PulseAudio ni ile ya zamani, PulseEffects. Tunachezewa hapa.

BibiTerminali: Hata mimi nilianza kutilia shaka. Mtu wa FLAC halafu anakata vilele namna hiyo?

Kimya_Kingi: Sijatunga kitu. Nimeendesha amri ya pactl info, inayotaja mfumo wa sauti, sasa hivi, mstari wenyewe huu hapa:
Server Name: PulseAudio (on PipeWire 0.3.65)

FundiMawimbi: Hapo yuko sawa. PipeWire inaitikia kwa jina la PulseAudio ili programu za zamani zisikwame. SinaHaraka, tumsikilize mtu. Kimya, besi yako inapanda mara mbili: Audacious inaongeza, EasyEffects inaongeza tena juu yake. Ukizima ya kwanza, ya pili bado ipo. Huna haja ya kuitoa. Fungua EasyEffects, nenda kwenye orodha ya programu zinazotoa sauti, iondoe Audacious peke yake. Kisha kwenye Audacious shusha priampu hadi -9, volyumu ongeza kwenye hedifoni.

SinaHaraka: Sawa, huo mstari sikuujua. Endeleeni.

Kimya_Kingi: Nimeiondoa, priampu -9. Mkwaruzo haupo. Sauti imekuwa ndogo, lakini gitaa la besi sasa nasikia hata kidole kikihama uzi. Hata hivyo distro mpya naiweka tu, nilishaamua.

BibiTerminali: Basi kabla hujafuta, nakili ~/.config/audacious na ~/.config/easyeffects kwenye diski ya pembeni. Hiyo flashi ya usakinishaji usiitumie kwa hilo.