Naomba ushauri: kipimo cha nguvu ya kinga kwa aliyepandikizwa figo

Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu ana mwaka wa pili tangu apandikizwe figo, na mimi ndiye niliyemtolea. Takrolimasi, dawa ya kutuliza kinga ili mwili usiikatae figo, anameza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Simu ikilia, hata kijiko kinawekwa chini. Kiwango cha dawa kwenye damu ni 7, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyochuja) haijapanda, daktari ameridhika. Lakini ndani ya miezi mitano kaugua mkanda wa jeshi, kisha nimonia.

Kipimo hicho kinaonyesha dawa iliyomo kwenye damu, hakionyeshi kinga yenyewe imelala kiasi gani. Nimesoma kuhusu kipimo cha damu kiitwacho ImmuKnow, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2002: kinapima ATP (nishati ya seli) ndani ya seli za CD4, yaani seli za kinga, baada ya kuamshwa. Kuanzia 225 kushuka ni kinga dhaifu, 525 kupanda ni kinga kali.

Kuna aliyepimwa hivyo, iwe hapa Dar, Nairobi au India? Daktari wenu alipunguza dozi kwa majibu hayo, au aliyaangalia pamoja na mengine? Kugusa dozi wenyewe hatuthubutu, maana figo hii ikikataliwa, mimi sina nyingine ya kumpa.